Neno Moja, Kazi Nyingi

Masomo: Yoeli 2:23-27, Luka 19:1-10, Wagalatia 6:1-2, Matendo 3:19-21



Jumapili tulipofika wakati wa maombi, wengi walikuja mbele kuombewa urejesho. Mmoja alitaka kazi yake irudi. Mwingine alitaka mume wake arudi nyumbani. Mwingine alitaka shamba, mwingine afya. Na kijana mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anataka tu kuwa yule mtu alikuwa kabla hajaanza pombe. Wote walitumia neno moja. Nikaona heri wiki hii tukae na neno hilo tulichambue polepole, maana mtu asiyejua anachoomba anaweza kujibiwa akapita mbele ya jibu lake bila kulitambua.

Hebu tuanzie hapa hapa mjini kwetu Nkubu. Nenda kwa fundi wa simu pale steji, umwambie simu ilizima na namba zote zimepotea. Swali lake la kwanza ni, "Ulikuwa umeweka bakapu?" Kama hakuna nakala mahali, hana cha kurejesha. Nenda hospitali na mguu uliovunjika kwa ajali ya bodaboda. Daktari hatauliza mambo ya nakala, atataka picha ya eksirei. Nenda kwa wakili ulie kwamba umenyang'anywa ploti. Atauliza, "Nani ako nayo sasa, na wewe uko na karatasi gani?" Muulize mtu wa misitu jinsi ya kurejesha kilima kilichokatwa miti, naye atakuuliza, "Hapa palikuwa na miti gani kabla?" Na mkulima wa kahawa, ukimwambia mti umezeeka hauzai, yeye haulizi kitu. Anaenda kuchukua msumeno.

Watu watano, na wote kazi yao ni kurejesha. Lakini ukimpelekea fundi wa simu mguu uliovunjika, utarudi nyumbani unachechemea.

Biblia nayo iko hivyo. Mahali ambapo sisi tunasema "urejesho" tu, Waebrania na Wayunani walikuwa na maneno kadhaa, na kila neno lina kazi yake. Nimechagua manne. Ukisoma, jiulize: hasara yangu mimi inahitaji neno lipi?

1. Kulipa kilicholiwa

Tunapenda sana Yoeli 2:25, pale Mungu anapoahidi kuwapa watu wake miaka iliyoliwa na nzige. Sisi hatuhitaji kuelezwa nzige ni nini. Nzige wa jangwani waliingia Kenya mwisho wa Desemba 2019, na Januari 2020 walikuwa tayari wamefika Isiolo na kaunti yetu ya Meru. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisema Kenya haikuwa imeona nzige wa kiasi hicho kwa miaka 70. Watu walipiga mabati na madebe, walipiga makelele na kuwasha moto wa moshi, na nzige wakaendelea kula.

Kitenzi anachotumia Yoeli hapo ni *shillem*. Maana yake ni kulipa. Ndicho kitenzi kile kile cha Kutoka 22, ambapo sheria inasema aliyeiba ng'ombe akamchinja au akamuuza atalipa ng'ombe watano, na wa kondoo atalipa kondoo wanne. Ni neno la deni, la mizani, la mbele ya waamuzi.

Sasa angalia vizuri. Mungu hakuwaahidi watu wa Yoeli kwamba kalenda itarudi nyuma. Aliwaahidi mvua ya kwanza na mvua ya mwisho, nafaka hadi sakafu zijae, divai na mafuta hadi vyombo vifurike. Miaka yenyewe ilikuwa imeenda. Alichoahidi kulipa ni mavuno ya miaka hiyo. Kwa hivyo ukiwa na miaka 45 na ulipoteza miaka kumi kwenye ulevi, usimwombe Mungu akufanye uwe na miaka 35. Mwombe mvua kwa shamba ulilo nalo leo.

Lakini neno hili la kulipa lina pande mbili, na hapo ndipo wengi tunanyamaza. Mahali kuna anayelipwa, lazima kuna anayelipa. Zakayo wa Luka 19 hakumwomba Yesu urejesho. Zakayo ndiye alikuwa nzige. Wokovu ulipoingia kwake alisimama, akahesabu, akataja kiwango: nusu ya mali kwa maskini, na yeyote aliyemdhulumu atamlipa mara nne. Hesabu 5:7 nayo iko wazi kabisa. Aliyekosa aungame, arudishe kitu chote, aongeze sehemu ya tano juu yake, na ampe yule aliyemkosea. Apewe yeye mwenyewe. Kuhani anatajwa baadaye, ikiwa mwenyewe hayupo tena na hana jamaa wa kupokea.

Wapendwa, tuseme ukweli. Hapa Imenti Kusini kuna dada zetu walioambiwa na ndugu zao kwamba msichana hana shamba kwa baba yake. Sheria ya Urithi inayotumika nchini tangu 1981 inapozungumzia watoto wa marehemu haitenganishi wa kiume na wa kike. Lakini mjadala ulifanyika jioni nyumbani, beacon ikasogezwa, na dada akaambiwa aende kwa mume wake. Kuna wajane ambao chai yao inachunwa na shemeji. Kuna pesa za chama zilizokopwa kwa maneno matamu mwaka juzi na mkopaji anaketi kiti cha tatu kutoka mbele, anainua mikono kuimba.

Fungu la kumi la chai ya mjane haliwezi kukusafisha. Yesu alisema katika Mathayo 5:23-24 kwamba ukikumbuka ndugu yako ana jambo na wewe, sadaka ingoje pale pale madhabahuni, kwanza uende mkapatane. Mimi kama mchungaji wako nakubali kabisa sadaka yako ingoje. Inaweza kungoja hata mwezi mzima.

Na tusifikiri kulipa ni jambo la watu wadogo tu. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilisema bungeni kwao kwamba inajutia mateso waliyopata Wakenya wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa wadai 5,228. Ukigawanya, haifiki pauni 4,000 kwa mtu. Wazee hao walikuwa wamengoja zaidi ya nusu karne, na wenzao wengi walikuwa tayari kaburini. Pesa hiyo haikumrudishia mtu hata siku moja ya ujana wake. Lakini kulikuwa na kitu ambacho pesa ilibeba: aliyeumiza alikubali kwa kinywa chake kwamba jambo lile lilitendeka. Sisi watu wa Meru na Embu, ambao wazee wetu waliishi katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba, tunajua uzito wa kusikia hivyo. Ukienda kwa dada yako kurudisha kile ulichukua, usitume tu M-Pesa. Enda na miguu yako, useme, "Nilichukua, na haikuwa yangu."

2. Kurudishwa kwenye uhai

Neno la pili ni *shuv*, kurudi. Ndilo lililo katika Zaburi 23:3, pale mchungaji anapoihuisha nafsi ya kondoo wake. Ni neno lile lile manabii wanalotumia kumwambia mtu atubu, yaani ageuke, arudi. Hapa hakuna mwizi anayetafutwa. Ni uhai wenyewe umepungua na unahitaji kurudishwa.

Hapa nataka tusaidiwe na kahawa. Wazee wetu ni kati ya Waafrika wa kwanza nchini kuruhusiwa kupanda kahawa, miaka ya 1930, pamoja na wenzetu wa Embu na Kisii. Kahawa ilisomesha watu wengi wanaosoma ukurasa huu. Halafu mwaka 1989 mpango wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na miaka iliyofuata watu wengi waliacha kahawa ikazeeka shambani. Wengine waliing'oa wakapanda ndizi na mahindi.

Mkulima aliyebaki na miti mizee ana njia ya kuirejesha, na mtu wa mjini akiiona anaweza kupiga kelele. Anakata mti mzima karibu na magoti, kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame kwenye kisiki. Shamba linabaki visiki vitupu. Baada ya muda machipukizi yanatoka mengi, kama nywele. Anachagua mawili au matatu yenye nguvu, yale mengine anayaondoa, hata kama ni mabichi na mazuri. Halafu anangoja karibu miaka miwili ndipo achume tena. Wengine huunganisha chipukizi na kahawa ya Batian, iliyotolewa kwa wakulima 2010 na kupewa jina la kilele cha juu cha mlima wetu. Batian inastahimili ugonjwa wa kuozesha matunda na ule wa kutu ya majani, magonjwa yaliyokuwa yakimaliza kahawa ya zamani na pesa ya dawa. Mizizi inabaki ile ya babu, lakini juu ni uhai mpya.

Sisemi kila hasara ni Mungu anakata. Mwizi huiba, na mwizi si mkulima. Usimwambie mtu aliyeporwa kwamba Bwana anampunguza matawi. Lakini kuna mengine ambayo sisi wenyewe tunajua. Huduma imekuwa ndefu juu na haina matunda. Maombi yamekuwa maneno ya mazoea. Ndoa ina miaka ishirini na watu wawili wanaongea tu kuhusu karo na ng'ombe. Hapo tukimwomba Mungu arejeshe, tusishangae akichukua msumeno. Atapunguza shughuli. Atanyamazisha simu. Atamwondoa mtu kwenye kamati saba abaki na mbili.

Na kijana wangu uliyeniambia habari ya pombe, hii ni yako. Machipukizi mengi yatatoka mara moja: kazi mpya, marafiki wapya, kutaka kuhubiri, kutaka kuoa. Usiyaache yote yakue pamoja. Chagua mawili. Kuja kwa ushirika wa nyumbani, na urudi kulala nyumbani kila jioni. Hayo yakishika nguvu, mengine tutayaongea mwaka ujao. Usiponiona na haraka, ujue ni kwa sababu nimewahi kuona kisiki kikizaa.

3. Kuunga kilichovunjika

Neno la tatu linatoka Wagalatia 6:1. Paulo anasema mtu akinaswa katika kosa, wale walio wa rohoni wamrejeshe, na wafanye hivyo kwa upole, kila mmoja akijiangalia asije akajaribiwa yeye pia. Kitenzi cha Kiyunani ni *katartizo*. Katika Mathayo 4:21 kitenzi hicho ni cha Yakobo na Yohana wakitengeneza nyavu zao kwenye chombo. Na waganga wa Kiyunani walikitumia kwa kazi ya kurudisha mfupa mahali pake.

Tazama basi jinsi mfupa unavyotibiwa. Kwanza picha, ili ijulikane umevunjika wapi. Kama hujui mahali, utafunga plasta mahali pazima. Halafu mfupa unanyooshwa, na hapo kuna maumivu. Halafu unafungwa, utulie. Halafu wiki nyingi. Halafu magongo na mazoezi. Mfupa ukiachwa ujiunge wenyewe vibaya, mtu anapona akiwa amepinda, na wakati mwingine daktari analazimika kuuvunja tena ili aunyooshe.

Sasa tujiulize sisi kanisa tunafanyaje. Msichana wa kwaya akipata mimba, tunamtoa kwaya, na kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga kinanda. Mweka hazina akila pesa, habari zinafika kwa WhatsApp kabla hazijafika kwa wazee. Hiyo ni kuvunja mfupa mara ya pili bila nia ya kuunyoosha. Upande ule mwingine, kiongozi akianguka na ana kipawa, tunasema "neema", na baada ya wiki mbili yuko madhabahuni ameshika maikrofoni. Mguu uliotoka plasta jana haubebeshwi gunia la viazi. Kumkataza kubeba gunia si kumchukia. Ni kuupenda mguu.

Kuna jambo lingine kwenye upole huo ambalo mafundi wa pwani wanalijua. Ukishuka Mombasa, Lamu au hata Zanzibar, utaona nyumba za kale zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo zinapochakaa, mtu wa haraka huzipaka saruji, maana saruji ni ngumu na inaonekana nadhifu siku hiyo hiyo. Lakini saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu. Maji na chumvi vinafungiwa ndani ya ukuta, na jiwe linaanza kumomonyoka nyuma ya plasta mpya huku nje kunang'aa. Fundi anayejua kazi anarudi kwenye chokaa, ambayo ni laini, inapumua, na inakubaliana na jiwe.

Paulo angeelewana na fundi huyo. Kumrejesha ndugu kwa ukali kunaonekana nadhifu Jumapili hiyo. Amesimamishwa, ametangazwa, sheria imefuatwa. Lakini ndani ya ukuta unyevu umefungiwa. Ataketi kimya, atatii kila kitu, na siku moja hutamwona tena.

Yesu alimrejesha Petro kwa namna nyingine. Petro alimkana kando ya moto wa makaa, Yohana 18:18. Katika Yohana 21:9 Yesu amewasha moto wa makaa ufuoni, na ni mahali hapo mawili tu katika Agano Jipya ambapo moto wa makaa unatajwa. Akamleta mahali penye harufu ile ile. Alimkana mara tatu, akamuuliza mara tatu. Hiyo ilikuwa eksirei, na ilimuuma Petro, imeandikwa alihuzunika. Lakini kabla ya kumuuliza alikuwa amemlisha kifungua kinywa. Na baada ya kumuuliza alimpa kazi.

4. Kile ambacho hakirudi leo

Sasa nimefika kwa jambo gumu. Mama mmoja wa kanisa letu aliniuliza mwaka huu, "Mchungaji, kila wiki tunaambiwa tupokee urejesho. Mimi nilimzika kijana wangu. Sitaki mwingine, nataka yule. Sasa mimi nipokee nini?"

Swali hilo si la kukosa imani. Ni swali ambalo Biblia yenyewe inalijua. Fungua Ayubu 42. Kondoo wake walikuwa elfu saba, wakawa elfu kumi na nne. Ngamia elfu tatu wakawa elfu sita. Ng'ombe na punda, vivyo hivyo, mara mbili. Halafu watoto: wana saba na binti watatu, idadi ile ile ya mwanzo. Hawakuongezwa mara mbili. Wahubiri wengi wamesema ni kwa sababu wale kumi wa kwanza hawakuwa wamepotea kama ngamia anavyopotea. Wako kwa Mungu bado. Mimi nakubaliana nao. Lakini ninaongeza kwamba Ayubu alizeeka na makaburi kumi, na Neno halisemi popote kwamba aliyasahau.

Tunayo picha ya jambo hili katika kaunti yetu. Mbuga ya Kitaifa ya Meru ilikuwa inajulikana duniani kote kwa habari za Elsa, yule simba jike. Halafu majangili wakaingia. Mwaka 1988 waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa chini ya ulinzi kabisa, na kwa miaka mingi mbuga ilikuwa kama imekufa. Kuanzia miaka ya 2000 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na washirika wake walianza kazi: barabara, walinzi, tembo wakahamishwa kutoka sehemu nyingine, hifadhi ya vifaru ikazungushiwa ua. Leo kuna vifaru Meru, na watoto wao wanazaliwa hapo. Mbuga imerejeshwa, na ni kazi ya kumshukuru Mungu. Lakini wale watano wa 1988 hawakuinuka. Walinzi wanaowalinda hawa wa leo wanalinda kwa uangalifu zaidi kwa sababu ya wale.

Na msitu je? Uchunguzi uliofanywa kutoka angani mwaka 1999 ulionyesha jinsi misitu ya Mlima Kenya na Imenti ilivyokuwa imeliwa na wakata mbao, wachoma makaa na mashamba ya bangi. Tangu hapo miti mingi imepandwa. Mtu mwenye haraka hupanda mkaratusi, ambao baada ya miaka michache ni nguzo ya kuuza, lakini ukiupanda karibu na chemchemi unakunywa maji yote, ndiyo sababu mwaka 2009 serikali iliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Mtu anayetaka msitu wa kwanza urudi hupanda muuru na miti mingine ya kwetu. Anaupanda akijua huenda yeye mwenyewe asikae chini ya kivuli chake. Wajukuu watakaa. Na mito yetu, Thingithu na Kathita, itakuwa na maji hadi inapofika Tana.

Neno la nne ni *apokatastasis*, Matendo 3:21. Petro, yule yule wa moto wa makaa, anasimama hekaluni na kusema kwamba mbingu zimempokea Yesu hadi nyakati za kurejeshwa kwa vitu vyote. Nisikilize. Vitu vyote vitarejeshwa, na nyakati zake zipo. Hiyo ina maana kuna vitu ambavyo havitarejeshwa kabla ya hapo, hata tukikesha, hata tukifunga siku arobaini. Mtu akikuahidi leo kitu ambacho Mungu amekiweka kwa siku ile, anakuuzia mkaratusi karibu na chemchemi.

Kwa hiyo nilimwambia mama yule hivi: "Hatutakuombea mtoto mwingine kana kwamba wa kwanza alikuwa simu iliyopotea. Yule kijana wako Mungu anamjua kwa jina. Nakala yake haiko kwetu, iko kwake. Siku ya kurejeshwa vitu vyote ipo, na hautaletewa mgeni. Mpaka siku hiyo, kile tutaomba upewe ni nguvu ya kuamka, usingizi usiku, na watu wa kukaa nawe tarehe ile ya mwaka." Alinijibu, "Hiyo naweza kupokea." Na akina mama wa ushirika wetu wameanza kwenda kwake.

Mambo ya kufanya wiki hii

Moja. Kabla ya kuomba, taja hasara yako kwa jina lake. Je, ni kitu kilichoibwa, uhai uliopungua, mfupa uliovunjika, au mtu aliyeenda? Omba kulingana na hiyo.

Mbili. Kaa na daftari uandike kama kuna kitu cha mtu mikononi mwako. Shamba, mpaka, deni, chama, jina zuri la mtu uliloharibu kwa maneno. Weka siku ya kwenda. Ukiogopa kwenda peke yako, mzee mmoja wa kanisa atakusindikiza, na hatauliza maswali njiani.

Tatu. Kama kuna ndugu aliyeanguka na hujamwona ibadani, usimpigie simu kumuuliza kwa nini hakuja. Nenda na mkate na majani ya chai. Mle kwanza.

Nne. Kama unaomboleza, usilazimishwe na mtu yeyote kushuhudia ushindi ambao haujafika. Uchungu wako si dhambi. Kaa nasi hivyo hivyo.

Tuombe

Baba, wewe ndiwe unayejua tulikuwa nani kabla hatujaharibika. Tulipe pale tulipoliwa, na utupe ujasiri wa kulipa pale tulipokula. Kata kile kilichozeeka ndani yetu, na utupe uvumilivu wa miaka ya kungoja. Tufundishe kuunga mifupa ya wenzetu kwa mikono laini. Na kwa wale waliopoteza ambacho hakirudi leo, kaa nao, Bwana, mpaka siku ile. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.